Je, wajua kwa nini kuna ngamia wanaogelea baharini kufuata majani ya mchu?

Mchu, aina moja ya mkoko, sote tunaujua, nenda Chwaka hapa Unguja maji yakitoka utauona, na ukililamba jani lake utasikia chumvi mana mti wenyewe unaitoa chumvi ya bahari kupitia majani. Sasa kule Kutch, India, walikotoka Wahindi wengi waliohamia Unguja, kuna ngamia wanaitwa Kharai, hawa wanaogelea mpaka kwenye visiwa vya mikoko kwenda kula majani hayohayo! India imewatambua rasmi kuwa ni aina yao peke yao mwaka 2015.

Wanachofuata, pamoja na majani yenyewe, ni chumvi. Ngamia anahitaji chumvi kama mara 6 mpaka 8 kuliko mifugo mingine, akiikosa ngozi inaharibika, anatoka vidonda, viungo vinamuuma mpaka anachechemea.

Halafu ngamia si wa nyasi kama ng'ombe, chakula chake hasa ni majani ya miti na vichaka, mdomo wa juu umepasuka kati anachambulia jani mojamoja, na ndani ya mashavu ana vinundu vigumu ndo mana anatafuna matawi ya mgunga na miba yake. Kiangazi nyasi zishakauka, majani ya miti bado yana protini na maji, akiyapata mabichi anaweza kukaa wiki kadhaa bila ya kunywa.

Lakini majani mengi yana tanini, ule ukakasi unaokaza ulimi kama bibo. Ikiwa kiasi inasaidia kupunguza minyoo tumboni, ikizidi inaishika protini mnyama asifaidike nayo. Ngamia aliyeachiwa anang'ata kidogo hapa anahamia mti mwengine, hivo si rahisi sumu ya mti mmoja kumzidi. Aliyefungwa ndo nnayemuonea huruma, kama wale waliokuwa wakizungusha vinu vya mafuta ya ufuta mjini kwetu zamani, mana huyo hachagui, anakula alicholetewa.

Kwa hivo anayekata majani ndo mwenye dhamana, na hata wewe unayefuga mbuzi wa bandani hili linakuhusu: changanya miti, usilete mlusina mtupu kila siku, una kitu kinaitwa mimosini kinachoweza kunyonyoa manyoya. Na oleanda, ule mti wa maua ya pinki unaopandwa majumbani na mahotelini, usiuguse kabisa, sumu yake inapiga moyo, inaua ngamia inaua na mbuzi, na majani yakikauka sumu haitoki.