Udongo wenye madini ya risasi: kuchimba ni nusu tu ya kazi

Tangu Mahakama ya Juu ya Kenya iliporejesha, Desemba 2024, fidia ya shilingi bilioni 1.3 kwa wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walioathiriwa na sumu ya risasi, mazungumzo mengi yamekuwa ya pesa. Udongo umesahaulika. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichopakana na mtaa huo kilianza kazi 2007 kikafungwa 2014, lakini risasi haiozi, haiungui, wala mvua haiimalizi. Hushikamana na chembe za udongo, nyingi ikibaki katika sentimita 30 za juu, pale pale watoto wanapochezea kisha wakatia vidole mdomoni. Kwa hiyo hoja ya kwamba "miaka imepita, imeshakwisha" tuiache. Imekwisha wapi?

Mwenye kiwanja cha aina hiyo, au mkandarasi aliyepewa zabuni ya kukisafisha, aanze na vipimo kabla ya tingatinga. Gawa eneo kwa miraba ya mita 5 kwa 5, kisha chukua sampuli kwenye kina cha sentimita 0–15, 15–30 na 30–60. Kipimo cha mkono cha eksirei hutoa jibu papo hapo, ila udongo ukiwa na maji zaidi ya asilimia 20 hivi, kinasoma chini ya kiwango halisi. Kausha, chekecha, ndipo upime, na sehemu ya sampuli ipelekwe maabara. Ili kupata picha ya viwango: Marekani kwa miaka mingi ilichukulia miligramu 400 za risasi kwa kilo ya udongo kuwa hatari kwa makazi, na Januari 2024 ikashusha hadi 200.

Halafu hesabu, kwa maana hapa ndipo bajeti nyingi huvunjika. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 kikichimbwa sentimita 30 kinatoa mita za ujazo 180. Udongo ukishachimbwa huvimba kwa robo hivi, kwa hiyo unapakia 225. Uzito haubadiliki: tani 288 ukikadiria tani 1.6 kwa kila mita ya ujazo ya udongo ambao haujaguswa. Lori la tani 15 litakwenda safari 20. Aliyeleta bei ya safari 10 amepanga kuumwaga njiani.

Wakati wa kuchimba, adui ni vumbi. Nyunyiza maji kiasi cha kulituliza, yasifike kutiririka, maana yakitiririka yanabeba sumu hadi kwa jirani. Upepo ukizidi, simamisha kazi. Rundo likae juu ya plastiki nzito, lizungushiwe tuta na kufunikwa kwa turubai kila jioni. Barakoa ya kitambaa haifai kitu. Inayotakiwa ni ya daraja la FFP3 au P100. Wafanyakazi wanawe kabla ya kula, na ovaroli zifuliwe pale pale kazini. Zikipelekwa nyumbani, vumbi lake linamfikia mtoto ambaye hata hajafika kwenye kiwanja.

Shimo lisifukiwe mpaka sakafu na kuta zake zimepimwa upya. Panapobaki risasi chini, tandaza kitambaa cha rangi kali kabla ya udongo safi, ili atakayechimba msingi baadaye ajue pa kukomea.

Udongo uliotolewa sasa ni taka hatari, na hapa ndipo wengi wanapojifanya hawajui. Kwanza upimwe jinsi unavyochuja, yaani risasi kiasi gani hutoka ndani yake na kuingia kwenye maji: hutikiswa katika asidi hafifu kwa saa 18, na risasi ikifika miligramu 5 kwa lita, kwa kipimo cha Marekani, hauzikwi hivi hivi. Unaweza kutulizwa, yaani risasi ifungwe isichujike, kwa simenti au fosfeti, baada ya majaribio ya vipimo vidogo. Msidhani kuongeza chokaa au simenti ni kuongeza usalama. pH (kipimo cha uasidi na ualkali) ikipanda kupita kiasi, risasi huanza kuyeyuka tena. Baada ya hapo uende kwenye shimo lililojengewa tabaka za kuzuia mchujo na lenye leseni. Jaa la kawaida kama la Mwakirunge, Mombasa, halikujengwa kwa kazi hiyo. Kuupeleka nje ya nchi kunataka idhini ya maandishi ya nchi inayoupokea, kwa Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa unaosimamia usafirishaji wa taka hatari.

Kila safari iwe na hati ya ufuatiliaji: mzalishaji, msafirishaji na mpokeaji wote wajaze sehemu zao, na nakala zihifadhiwe. Leseni ya kampuni haitoshi iwapo lori lililokuja ni la kukodi na halimo kwenye leseni hiyo. Linganisha nambari za usajili kabla ya kupakia. Chini ya kifungu cha 141 cha Sheria ya Mazingira (EMCA, 1999), makosa ya taka hatari, pamoja na kutoa taarifa za uongo kuzihusu, yanaadhibiwa kwa faini isiyopungua shilingi milioni moja, au kifungo kisichopungua miaka miwili, au vyote viwili.

Na wewe unayejenga: kifusi cha bure kina mwenyewe. Uliza kimetoka kiwanja gani, na kama ni cha karakana ya betri, dai majibu ya maabara kabla lori halijainua bodi.