Galaksi ya parafujo ni nini?

Galaksi ya parafujo ni mkusanyiko wa mabilioni ya nyota, pamoja na gesi na vumbi, uliotandaa kama sahani. Katikati pamevimba, na kutoka hapo mikono inajipinda kuzunguka kitovu. Jina lenyewe linapotosha kidogo, maana parafujo ya fundi huzama ubaoni, ilhali galaksi hii imelala bapa. Kwangu mimi inafanana zaidi na ukili unaposhonwa kwa kuzungushwa ili uwe kawa.

Ya kwanza kutambuliwa umbo hilo ni M51. Mwanaastronomia Mfaransa Charles Messier aliiona mwaka 1773 kama doa hafifu tu. Mwaka 1845, huko Birr, Ireland, mwanaastronomia Lord Rosse aliielekezea darubini yenye kioo cha upana wa karibu mita 1.8, akaona mikono, akaichora kwa mkono wake. Hakujua kwamba iko nje kabisa ya galaksi yetu.

Ukiitazama M51 kwenye picha za rangi, kitovu kina umanjano wa nyota kongwe, na mikono ina ubuluu. Nyota za buluu ni kubwa na za moto sana, nazo humaliza nishati yake ndani ya miaka milioni chache, kwa hiyo hufa kabla hazijafika mbali na pale zilipozaliwa. Kando yake kuna madoa ya waridi: gesi ya haidrojeni inayong'aa.

Sasa kitendawili. Nyota za karibu na kitovu humaliza mzunguko mapema kuliko za pembezoni. Kama mkono ungekuwa na nyota zilezile daima, ungejisokota mpaka upotee. Mwaka 1964 wanasayansi C. C. Lin na Frank Shu walieleza kwamba mkono ni wimbi la msongamano. Fikiria foleni nyuma ya lori linalopanda mlima: magari huingia na kutoka, foleni inabaki. Gesi ikiingia kwenye msongamano hubanwa, na nyota mpya huzaliwa.

Galaksi hizi zikitazamwa kwa ubavu, mikono haionekani. Yetu, iitwayo Njia Nyeupe, pia ni ya parafujo, nasi tumo ndani ya sahani yake. Ndiyo maana usiku wa giza, mbali na taa za mji, huonekana kama utepe tu. Ile michirizi myeusi inayoukata ni vumbi.