Kadi mbili, kamera moja: kupiga picha viwanja vya ndege na angani

Mwaka juzi nilikuwa narudi nyumbani kutoka harusini Muscat, nikabadilisha ndege katika uwanja mmoja wa Ghuba ambao sitautaja. Ilikuwa alfajiri. Mwanga ulikuwa unateremka kupitia paa la vioo na kulala sakafuni kama maji, nikashindwa kujizuia. Nikatoa kamera, nikapiga picha tatu. Sikuona kwamba pembeni ya fremu palikuwa na meza ya ukaguzi na maafisa wawili. Dakika haikwisha, mmoja wao alikuwa mbele yangu. "Kamera, tafadhali. Tuone."

Ndani ya kamera ile mlikuwa na picha zaidi ya elfu mbili za ukumbi wa wanawake. Bibi harusi, mama yake, mashangazi, wasichana waliovua mabuibui na kufungua nywele wakicheza. Simu zote zilikusanywa mlangoni usiku ule. Kamera iliyoingia ni yangu peke yake, kwa sababu mimi ni mwanamke mwenzao, na kwa sababu mama mwenye harusi alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, hii ni amana." Sasa mwanamume nisiyemjua anataka kuweka kidole kwenye kitufe cha kutazamia.

Nilimwomba kwa adabu aitwe afisa wa kike, naye, namshukuru, akakubali. Akaja dada mmoja wa makamo. Nikamweleza natoka wapi na kadi ya kumbukumbu ya kamera ina nini. Aliposikia natokea Unguja, akanijibu kwa Kiswahili laini cha watu waliolelewa na bibi zao wa Kizanzibari: "Usiogope, mwenzangu. Nionyeshe hizo tatu tu." Nikamwonyesha, nikazifuta mbele yake, akaniaga.

Tangu siku ile sisafiri na kadi moja. Kadi za kazi hutoka kwenye kamera palepale ukumbini, zikatiwa kwenye kibweta kidogo kinachokaa shingoni mwangu, ndani ya nguo. Kadi ya safari ni nyingine, ndogo, tupu. Nikikanyaga uwanja wa ndege, ndani ya kamera mna hiyo tu. Afisa akitaka kutazama, atazame mawingu na vikombe vya chai. Akitaka nifute, nafuta mbele yake bila ubishi. Nikiwa nimetumia simu, nafuta pia kwenye lile pipa la vilivyofutwa, kwa sababu huko picha hukaa siku kadhaa na maafisa wengi wanalijua.

Watu hudhani uchungu huu wa viwanja vya ndege juu ya kamera ulianza Septemba 11, 2001. Mzizi wake ni wa zamani zaidi. Katika Vita Kuu ya Kwanza, moja ya kazi kubwa za ndege ilikuwa kupiga picha mahandaki ya adui kutoka juu. Vita vilipokwisha na mataifa kukutana Paris mwaka 1919 kuandika mkataba wa kwanza wa usafiri wa anga, waliiweka kamera humo, kwamba kila nchi ina haki ya kuizuia ndege inayopita juu yake isibebe wala kutumia vyombo vya kupigia picha. Mkataba wa Chicago wa tarehe 7 Desemba 1944, ambao ndio unaoongoza safari za ndege mpaka leo, una kifungu cha 36 chenye maana ileile: kila nchi inaweza kukataza au kuwekea masharti matumizi ya vyombo vya picha ndani ya ndege zilizo juu ya ardhi yake. Nchi zetu za Afrika Mashariki zimo, Oman imo, na karibu dunia nzima imo.

Kwa hiyo ukiwa umekaa dirishani hujatoka kwenye sheria. Sheria inabadilika chini ya miguu yako kadiri ndege inavyosonga. Nchi nyingi hazijishughulishi na abiria anayepiga picha mawingu, lakini haki wanayo, na wakiona haja wanaitumia. Mei 2025, wakati wa mvutano na Pakistan, mamlaka ya usafiri wa anga ya India iliagiza mapazia ya madirisha yafungwe wakati ndege inapaa au inatua kwenye viwanja vinavyotumiwa pamoja na jeshi, mpaka ifike futi 10,000, na picha zikapigwa marufuku. Ndugu zetu wengi wanakwenda India kwa matibabu na hupenda kuwapigia picha walioachwa nyumbani. Mhudumu akikwambia shusha pazia, shusha.

Na asikudanganye mtu kwamba mtalii hawezi kushukiwa ujasusi. Novemba 2001 watu kumi na wanne, Waingereza kumi na wawili na Waholanzi wawili, walikamatwa Ugiriki, Kalamata, kwenye maonyesho ya kituo cha jeshi la anga. Hao walikuwa watu wa kupenda ndege tu, wale wanaoandika namba zake kwenye daftari. Aprili 2002 mahakama iliwatia hatiani. Novemba mwaka huohuo rufaa ikawaachia huru wote. Mwaka mzima wa maisha umeliwa na kesi.

Swali ninalojiuliza kabla ya kuinua kamera ni moja: sakafu hii ni ya nani? Jengo la uwanja wa ndege huonekana kama nyumba moja, lakini lina wenyewe wengi. Pale mnapoagana na jamaa ni kwa mwendesha uwanja. Ukaguzi wa mizigo ni wa watu wa usalama. Uhamiaji na forodha ni serikali yenyewe imesimama. Marekani hili linaonekana wazi kuliko kwingine: shirika la ukaguzi, TSA, halikatazi abiria kupiga picha kwenye vituo vyake, mradi asizuie kazi na asipige vioo vya mashine vinavyoonyesha vilivyomo ndani ya mabegi. Vuka uingie ukumbi wa uhamiaji na forodha wa nchi hiyohiyo, unakuta alama za kukataza kamera na simu. Ukijifunza desturi ya chumba kimoja ukaihamishia cha pili, umekwisha.

Kanuni yangu ni kwamba uhamiaji na forodha kamera hulala begini, nchi yoyote. Kwenye ukaguzi vilevile, hata pale inaporuhusiwa. Uwanjani nje, mnapotembea kuelekea ngazi za ndege, natazama wahudumu wa chini kwanza, maana pale kuna magari, mafuta na injini, na mtu aliyeziba jicho kwa kamera haoni kinachokuja ubavuni. Kumbi za kungojea ndizo mahali pangu. Hapo napiga paa, vivuli, nguzo, miguu ya watu, mabegi yaliyofungwa kwa kamba.

Nyuso za watu ni jambo zito zaidi, na katika nchi za Ghuba ni jambo la sheria. Amri ya Shirikisho namba 34 ya mwaka 2021 ya Falme za Kiarabu inafanya kumpiga mtu picha bila ridhaa yake, hata akiwa mahali pa wazi, kuwa kosa lenye kifungo kisichopungua miezi 6, au faini kati ya dirham 150,000 na 500,000, au vyote viwili. Dada aliyelala kwenye kiti akingoja ndege ya saa tisa usiku amechoka. Mwache. Familia ikinivutia, naenda, nasalimia, naomba, naonyesha picha. Nusu hukataa, na picha za ile nusu inayokubali ndizo ninazozipenda.

Ndani ya ndege mwenye nyumba ni rubani mkuu. Mkataba wa Tokyo wa 1963 unampa mamlaka ya kulinda usalama na nidhamu ndani ya chombo, na wahudumu wanazungumza kwa niaba yake. Mashirika mengi hayataki wahudumu wapigwe picha bila kuombwa. Waombe. Ni watu walio kazini, wengine hawajalala.

Sasa tuje dirishani, ninapopapenda kuliko pote.

Dirisha la abiria kwa kawaida lina tabaka tatu za plastiki ngumu. La nje ndilo linalobeba shinikizo la hewa. La kati lina kitundu kidogo kinachosawazisha shinikizo na kupunguza ukungu, na ndicho ambacho barafu hupenda kukizunguka kama ua. La ndani lipo ili mikono yetu isiyakwaruze mengine. Picha yako inapita yote hayo. Kwa hiyo usibane tundu la lenzi mpaka f/16 (namba ikipanda, tundu hupungua) ukidhani utapata ukali zaidi: utapata mikwaruzo ya dirisha. Kaa f/5.6 hivi. Fokasi iweke kwa mkono, mbali kabisa, kwa sababu ile ya kujiendesha hung'ang'ania alama za vidole. Kasi ya shata isishuke chini ya 1/500 ya sekunde. Filta ya polaraiza, ile ya kupunguza mng'ao, ivue, kwani filta hiyo ikikutana na plastiki iliyobanwa hutoa mabaka ya rangi za upinde wa mvua yasiyosafishika. Lenzi isogee karibu na kioo bila kukigusa, maana ukigusa, mtetemo wa injini unaingia kwenye picha. Mng'ao wa taa za ndani ninauzuia kwa mtandio mweusi: najifunika kichwa, kamera na dirisha pamoja. Mabwana wanaokaa jirani yangu hushangaa kidogo, kisha huzoea.

Usikae nyuma ya injini, joto lake hulegeza picha yote. Kaa mbele ya bawa, au nyuma kabisa.

Pawabenki na betri za akiba ziende nawe kabini, kamwe si kwenye mzigo wa chini. Mpaka wati-saa 100 kwa kawaida hakuna haja ya kibali, na pawabenki ya 20,000 mAh ina kama 74. Wanaopiga kwa filamu waombe ikaguliwe kwa mkono, kwa sababu mashine mpya za eksirei za CT huiunguza. Na picha ya pasi ya kupandia ndege msiiweke mtandaoni. Machi 2020 aliyekuwa Waziri Mkuu wa Australia, Tony Abbott, aliweka ya kwake Instagram, na kwa namba iliyokuwa pale mtu aliweza kuifikia namba yake ya pasipoti na ya simu.

Upande wa kukaa upange kabla ya kununua tiketi. Dar kwenda Kilimanjaro, kaa kulia, na siku mawingu yakiwa chini utaiona Kibo, mita 5,895, imesimama peke yake. Unguja kwenda Muscat ni mtihani zaidi. Ndege ya asubuhi huwa na jua kulia, kwa hiyo wengi huchagua kushoto. Mstari mfupi wa safari hiyo unakatiza Somalia, Ghuba ya Aden, kisha jangwa la Oman. Jua nalo linahama. Mnapokaribia Muscat mchana limekwenda magharibi, na milima ya Hajar inayokaa kati ya jangwa na bahari inaangazwa vizuri ukiitazama kutoka kulia. Mimi navumilia saa tano za jua machoni kwa ajili ya dakika kumi zile. Miamba ni ya rangi ya kahawa mbichi, mabonde yamejaa vivuli, na chini kabisa, ukiangalia sana, kuna mistari ya kijani ya mitende mahali penye maji. 1/1000, f/5.6, kadi ya safari, mtandio kichwani.