Ini lenye mafuta: kabla hujanunua omega-3 na kuyatupa mafuta ya alizeti

Wagonjwa wengi wanaofika kwenye kliniki yangu ya lishe wakiwa na majibu ya altrasaundi yanayosema kuwa ini lina mafuta huwa wamekwisha kufanya mambo mawili kabla hatujaonana. Wamenunua vidonge vya mafuta ya samaki, yenye omega-3, na wameyaondoa mafuta ya alizeti jikoni kwa kuwa wamesikia kwamba omega-6, aina ya asidi ya mafuta iliyomo, huleta mchochota (uvimbe wa ndani) mwilini. Mahali pa alizeti wameweka mafuta ya nazi au ya mawese. Ninaandika makala haya kwa sababu hatua ya pili inaelekea kuliumiza ini lilelile wanalotaka kulitibu, na hatua ya kwanza mara nyingi haiwapi kile wanachokilipia.

Ini huhesabiwa kuwa na mafuta pale zaidi ya asilimia 5 ya seli zake zinapobeba matone ya mafuta. Kwa mtu asiyekunywa pombe nyingi, hali hii hufuatana zaidi na unene wa tumbo, kisukari cha aina ya pili na trigliseridi nyingi, yaani mafuta yanayozunguka, katika damu. Wengi hawasikii maumivu yoyote. Kwa baadhi yao mafuta hayo huzaa mchochota, mchochota huacha makovu, na makovu yakizidi ini husinyaa na kushindwa kazi, hali tunayoiita sirosisi.

Watu hudhani kwamba mafuta ya ini hutoka moja kwa moja kwenye sahani, lakini sivyo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005, ambao ulifuatilia chembe zilizowekewa alama katika miili ya wagonjwa wachache wenye ugonjwa huu, ulionyesha kuwa takriban asilimia 59 ya mafuta ya ini yalitoka kwenye akiba ya mafuta ya mwili, asilimia 26 yalitengenezwa na ini lenyewe, hasa kutokana na sukari na wanga, na asilimia 15 tu ndiyo yaliyotoka kwenye mafuta ya chakula. Kwa hiyo aina ya mafuta tunayokula hutenda kazi kubwa zaidi kwa namna inavyoliamuru ini kuliko kwa mzigo inaoliongezea.

Asidi za mafuta za omega-3 na omega-6, zote mbili, hupunguza nguvu ya protini inayowasha utengenezaji wa mafuta ndani ya seli za ini. Zile za samaki, yaani EPA na DHA, ndizo zenye nguvu zaidi katika jambo hili, na huongeza pia uchomaji wa mafuta. Asidi palmitiki, ambayo ni zaidi ya asilimia 40 ya mafuta ya mawese, huelekea upande mwingine: ikizidi mwilini huchangia seli kuacha kuitikia insulini, homoni inayodhibiti sukari ya damu, na insulini isipoitikiwa, akiba ya mafuta ya mwili huachiwa na kumiminika kwenye ini.

Jaribio ninalolitumia zaidi kuwaeleza wagonjwa lilifanyika Uppsala, Sweden, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2014. Vijana 39 wenye uzito wa kawaida waliombwa kula keki ndogo kila siku kwa wiki 7, juu ya chakula chao cha kawaida, mpaka waongezeke uzito kwa asilimia 3. Keki zilikuwa zinafanana kwa kila kitu isipokuwa mafuta: kundi moja lilipewa zilizookwa kwa mafuta ya mawese yaliyosafishwa, kundi la pili zilizookwa kwa mafuta ya alizeti. Hayo ni mafuta mawili yanayosimama bega kwa bega katika kila duka la mtaani kwetu. Makundi yote mawili yaliongezeka kilo 1.6. Lakini kipimo cha MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku, kilionyesha kuwa waliokula mawese walijaza mafuta ndani ya ini na kuzunguka matumbo kwa kiasi kikubwa zaidi, ilhali wale wa alizeti walijenga nyama ya mwili karibu mara tatu zaidi ya wenzao. Uzito ni uleule, kalori ni zilezile, na mwili umeziweka mahali tofauti.

Watafiti wa Finland walikuja na jambo la karibu na hilo mwaka 2018. Watu 38 wenye uzito uliozidi waliongezewa kalori 1,000 kwa siku kwa wiki 3. Waliopewa mafuta yaliyojaa, yaani siagi, jibini na mafuta ya nazi, waliongezeka mafuta ya ini kwa asilimia 55. Waliopewa sukari, ikiwa ni pamoja na juisi na vinywaji vitamu, waliongezeka kwa asilimia 33. Waliopewa mafuta yasiyojaa, kama ya zeituni, waliongezeka kwa asilimia 15. Nawasihi wasomaji waitazame sana namba hiyo ya mwisho: mafuta mazuri nayo, yakizidi, hujaza ini. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta yoyote kina takriban kalori 120, na mchuzi unaoelea mafuta ya alizeti bado ni mchuzi unaoelea mafuta.

Vipi kuhusu mchochota? Hofu hiyo ina asili yake, kwa kuwa asidi linoleiki, ambayo ndiyo omega-6 kuu ya alizeti, inaweza kugeuzwa kuwa asidi arakidoniki, na mwili huitumia hiyo kutengeneza kemikali za mchochota. Hata hivyo mwili huubana sana mgeuzo huo, na kuongeza asidi linoleiki kwenye chakula hakuongezi asidi arakidoniki katika damu kwa kiasi cha maana. Wataalamu wa Uppsala walilijaribu hili pia, mwaka 2012, kwa watu 67 wenye unene wa tumbo. Kwa wiki 10 wengine walitumia siagi na wengine mafuta ya alizeti. Mafuta ya ini yalipungua upande wa alizeti, na hakukuonekana dalili ya mchochota kuongezeka.

Sisemi mawese yafukuzwe Kigoma wala nazi iondoke Pwani. Mawese mekundu yana vitamini ambayo watoto wanaihitaji, na wali wa nazi wa mara mojamoja hauharibu ini la mtu. Ninachokikataa ni kuyafanya mafuta hayo kuwa dawa ya ini na kuyatumia kila siku kwa imani hiyo.

Sasa vidonge. Mwaka 2014 watafiti wa Southampton, Uingereza, walichapisha matokeo ya jaribio la watu 103 waliotumia gramu 4 za omega-3 iliyosafishwa, au mafuta ya zeituni kwa kulinganisha, kwa miezi 15 hadi 18. Kwa jumla tofauti ya mafuta ya ini haikuwa ya kuaminika, ingawa wale ambao DHA ilipanda zaidi katika damu yao ndio waliopungukiwa zaidi na mafuta. Mwaka huohuo jaribio la Marekani la watu 243 wenye mchochota wa ini lilionyesha kuwa EPA peke yake haikuponya ini. Tena hizo zilikuwa dozi kubwa. Geuza chupa usome nyuma: kidonge cha kawaida cha miligramu 1,000 za mafuta ya samaki mara nyingi kina EPA miligramu 180 na DHA miligramu 120, yaani 300 tu kwa pamoja. Ili kuifikia dozi ya Southampton ungehitaji vidonge 11 au zaidi kila siku.

Fedha hiyo ningependa iende kwa muuza samaki. Vibua, jodari na dagaa, wa baharini na wa maziwani, wana EPA na DHA, na mara mbili kwa wiki zinatosha watu wengi. Chagua dagaa wenye rangi ya fedha, kwa sababu waliogeuka njano na kunuka ukali omega-3 yao imekwisha kuharibika. Wachemshe au wapike mchuzi, maana samaki akizamishwa kwenye karai la mafuta hunywa mafuta hayo, na hasa yale yaliyorudiwa mara nyingi.

Kinachoponya ini kwa uhakika zaidi ni kupungua uzito kwa wenye uzito uliozidi. Huko Havana, Cuba, katika utafiti wa watu 293 uliochapishwa mwaka 2015, asilimia 90 ya waliopunguza asilimia 10 au zaidi ya uzito wao kwa mwaka mmoja walipona mchochota wa ini. Kuacha soda ni mwanzo mzuri, kwa kuwa chupa ya mililita 300 ina sukari ya gramu 30 hivi.

Aliyeandikiwa omega-3 na daktari kwa ajili ya trigliseridi zilizopanda sana asiiache kwa sababu ya makala haya. Hiyo ni kazi ambayo dawa hiyo inaifanya vizuri. Anayejinunulia vidonge vingi mwenyewe, hasa mwenye moyo unaopiga bila mpangilio au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, amweleze daktari wake, kwa kuwa dozi kubwa za omega-3 zimeonekana kuongeza hitilafu hiyo ya mapigo ya moyo.