Yusuf Islam hakuutupa muziki siku aliposilimu

Kwa miaka mingi imesimuliwa kwamba Cat Stevens, mwimbaji na mtunzi wa London aliyejulikana duniani kwa albamu ya Tea for the Tillerman ya mwaka 1970, alitamka shahada na papo hapo akaliacha gitaa. Tarehe zenyewe hazikubaliani na masimulizi hayo.

Alisilimu Desemba 1977, baada ya kuisoma kwa muda mrefu nakala ya Kurani aliyopewa na kaka yake. Mwaka uliofuata alichukua jina la Yusuf Islam, lakini mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1978 ilitoka albamu yake ya Back to Earth, na Novemba 1979 alipanda jukwaani Wembley kuchangia watoto kupitia UNICEF. Ndipo alipojitenga, akaelekeza nguvu kwenye elimu. Shule ya Islamia aliyoianzisha London mwaka 1983 ndiyo kazi ambayo, kwa maoni yangu, hutajwa kidogo mno.

Hata ukimya huo haukuwa wa kudumu: mwaka 1995 alitoa simulizi ya maisha ya Mtume, na mwaka 2006 akarudi na albamu ya An Other Cup, gitaa likiwa mkononi.