Sketibodi na mji: dhana potofu na ukweli wake

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba kila mahali mjini pana kazi moja, ile aliyoikusudia msanifu: ngazi ni za kupandia, benchi ni la kukalia, na kijana anayevipitia kwa sketibodi, yaani ubao wa magurudumu manne, anavuruga mpangilio. Ukweli ni kwamba mahali pengi hupata kazi zake baada ya wajenzi kuondoka. Chini ya Queen Elizabeth Hall, ukumbi wa muziki uliofunguliwa mwaka 1967 kando ya mto Thames jijini London, kulibaki uwazi wenye nguzo na miteremko ya zege. Mpita njia aliona kiza cha kuvukwa upesi. Vijana waliofika hapo katika miaka ya 1970 waliona sakafu laini, mteremko wa kuwapa kasi na dari la kuwakinga mvua.

Hudhaniwa pia kwamba jicho hilo ni utundu tu. Sivyo, ni jicho linalofunzwa na mwili. Wakati wa ukame wa California wa mwaka 1976 na 1977, mabwawa ya kuogelea yaliyokaushwa yaligeuka mabonde ya kutelezea. Kisha Alan Gelfand wa Florida akabuni oli, mruko ambao ubao huinuka pamoja na miguu bila kushikwa kwa mikono, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Rodney Mullen akaufanikisha kwenye ardhi tambarare. Tangu hapo ukingo wa bustani, reli ya ngazi na ukuta mfupi wa ofisi vikafikika, na kwa kuwa vilifikika, vikaanza kuonekana. Mchezaji hujua lami ipi imechakaa na vigae vipi vimeunganishwa vibaya, kwa sababu huvihisi nyayoni. Kwangu mimi hayo ni maarifa kamili ya mji.

Wengine husema wachezaji hawajali mahali wanapochezea. Ni kweli kwamba vyuma vya ubao hukwaruza kingo na nta wanayoipaka kingoni ili ubao uteleze huacha madoa, na mzee anayepita ana haki ya kuhofia kugongwa. Lakini mwaka 2013, palipotolewa mpango wa kuweka maduka katika uwazi ule wa London, wachezaji ndio walioongoza kampeni ya kuutetea. Mwaka uliofuata yakafikiwa makubaliano ya kuuhifadhi, na mwaka 2019 sehemu iliyokuwa imezibwa ikafunguliwa tena.

Wala si kweli kwamba wapangaji wa miji wote huwapinga. Edmund Bacon, aliyeongoza mipango miji ya Philadelphia kuanzia 1949 hadi 1970, na ambaye wazo la uwanja wa LOVE Park lilikuwa lake, alipanda sketibodi hapo hapo uwanjani mwaka 2002, akiwa na umri wa miaka 92 na huku akishikiliwa asianguke, kupinga marufuku ya mchezo huo.

Dhana ya mwisho ni kwamba mvutano huu unawahusu wachezaji peke yao. Katika miji mingi, kingo za mabenchi na kuta fupi zimepigiliwa vipande vya chuma ili ubao usiteleze juu yake. Anayeketi kupumzika huviona kama pambo, au havioni kabisa, ilhali mchezaji huvitambua kwa mbali na kujua kwamba kuna mtu alikwisha kuutazama ukingo ule kwa jicho kama lake, akaamua kuufunga.