Ajasta ya waya wa gia: yanayosemwa vijiweni na ukweli wake

Baiskeli za gia zimejaa mijini siku hizi, nyingi zikiwa za mitumba kutoka Ulaya na Japani. Lakini ujuzi tulio nao vijiweni ulikulia kwenye Phoenix na Hero za gia moja, ambazo hata breki zake ni za fimbo, hazina waya hata mmoja. Ndiyo maana kile kipande kidogo cha kuzungusha kwa vidole, kilichokaa nyuma ya deraila (kifaa kinachohamisha cheni kutoka gia moja hadi nyingine) au pale waya unapotoka kwenye shifta (kibadilishio cha gia cha mkononi), kinazungushwa ovyo kuliko kifaa kingine chochote cha baiskeli. Wengi wetu tunakiita ajasta. Nimeona deraila nzima nzima zikitupwa kwa kosa ambalo robo mzunguko wa ajasta ungelimaliza, na nimeona pia ajasta ikilaumiwa kwa mambo isiyohusika nayo. Yote mawili yanamgharimu mwenye baiskeli pesa.

“Ukitaka kukaza waya, zungusha kulia, kama nati”

Hii ndiyo inayoleta hasara kubwa, kwa sababu ukweli ni kinyume chake. Ajasta ni kibomba chenye nyuzi za skrubu. Ganda la waya, yaani ule mrija wa nje, linaegemea ndani yake, na waya wenyewe unapita katikati. Ukiizungusha kushoto inatoka nje na kulisukuma ganda. Ganda likisukumwa, njia ya waya inakuwa ndefu, na kwa kuwa waya ni uleule, unakazika. Ukizungusha kulia ajasta inazama na waya unalegea. Kushoto na kulia hapa ni kwa mtu anayeitazama kutoka upande ambao ganda linaingilia. Kwa deraila ya nyuma maana yake ni kusimama nyuma ya baiskeli. Ukisimama hapo kuna njia rahisi ya kukumbuka: upande wa juu wa ajasta ukielekea kwenye spoku, cheni nayo inasogea kuelekea kwenye spoku, yaani kwenye sproketi kubwa (sproketi ni yale magurudumu ya meno ya nyuma).

Kuna deraila chache, kama zile za Shimano Rapid Rise, ambazo springi yake inavuta kwenda kwenye sproketi kubwa. Hizo waya ukikazika cheni huenda upande wa ndogo. Ukikutana nayo, angalia springi inavuta wapi kabla hujagusa kitu.

Na usizungushe sana. Ajasta nyingi za deraila zina nyuzi za kipenyo cha milimita 5, ambazo kwa mzunguko mmoja husogea milimita 0.8. Deraila za kawaida za Shimano za gia 7 hadi 9 huukuza mwendo wa waya kama mara 1.7, kwa hiyo mzunguko mmoja unahamisha cheni kwa takriban milimita 1.4. Kwenye mfumo wa gia 8, sproketi moja hadi nyingine ni milimita 4.8. Fanya hesabu: aliyezungusha mara tatu kwa mkupuo amekaribia kuhama gia nzima, kisha anashangaa kwamba hali imekuwa mbaya kuliko mwanzo. Kipimo cha kufanyia kazi ni robo mzunguko, halafu unazungusha pedeli na kusikiliza.

Unasikiliza nini? Weka cheni kwenye sproketi ndogo kabisa, bonyeza shifta mara moja. Isipopanda kwenye ya pili, au ikipanda kwa kusitasita, waya umelegea: robo kushoto. Ikiruka hadi ya tatu, au ikitulia kwenye ya pili huku ikikwaruza ya tatu, waya umekaza mno: robo kulia. Zamani, kwenye shifta zisizo na vituo, mpanda baiskeli alitafuta mahali pa cheni kwa sikio lake mwenyewe. Shimano walipotoa mfumo wao wa SIS kwenye Dura-Ace mwaka 1984, shifta ikawa na vituo vyake, mlio mmoja kwa kila gia, na tangu hapo urefu wa waya ukawa jambo la vipande vya milimita.

“Waya mpya unanyumbuka, ndiyo maana gia zinaharibika baada ya wiki”

Waya wa chuma haunyumbuki kwa kiasi cha kuonekana kwa nguvu ya kidole gumba. Kinachotokea ni kwamba ganda na vile vikofia vya mwisho wake vinazama na kukaa mahali pake. Njia ya waya inafupika kidogo, waya unaonekana kulegea. Robo au nusu mzunguko kushoto inatosha. Fundi mzuri anavuta ule waya ulio wazi kwenye fremu kwa mkono mara kadhaa kabla ya kukurudishia baiskeli, ili vikae palepale kijiweni.

“Gia zikipanda vizuri lakini zikishuka kwa uzito, legeza ajasta”

Ukilegeza, zitashuka. Kisha zitaacha kupanda. Ukikaza zitapanda na kuacha kushuka, na utabaki hapo siku nzima. Kupanda kunafanywa na mkono wako unaovuta waya. Kushuka kunafanywa na springi ya deraila peke yake. Springi ikishindwa, kuna kitu kinaubana waya: kutu, vumbi lililogandamana na mafuta, au ganda lililokunjika. Pwani, penye hewa ya chumvi, hili ndilo la kwanza kuangalia. Fungua waya, uvute ndani ya ganda kwa vidole viwili. Ukikwaruza, badilisha waya na ganda pamoja, hasa kile kipande kifupi kilichopinda kuingia kwenye deraila, kwani maji na tope huishia hapo.

“Ganda ni ganda tu, la breki au la gia”

Hapa naomba msomaji asikilize kwa makini, maana linahusu maisha ya mtu. Kata ganda la breki uangalie mdomo wake: ndani kuna chuma bapa kilichozungushwa kama springi. La gia lina nyuzi nyingi nyembamba za chuma zilizolala sambamba kwa urefu. Mara nyingi la breki ni nene, milimita 5, na la gia milimita 4. Ukiweka la breki kwenye gia, linabonyea kila waya unapovutwa, na hakuna ajasta itakayokupa gia zilizotulia. Ukifanya kinyume, ukaweka la gia kwenye breki, zile nyuzi zimeshikwa na plastiki tu. Siku ukibana breki kwa nguvu mteremkoni linaweza kupasuka na breki ikaondoka papo hapo. Usikubali kuwekewa hilo, hata kwa muda.

“Cheni ikianguka kwenye spoku, punguza kwa ajasta”

Kazi hiyo ni ya skrubu mbili za mipaka zilizoko kwenye deraila, H na L. H inazuia upande wa sproketi ndogo, L upande wa kubwa. Zinarekebishwa kabla waya haujafungwa, na zikikaa sawa hazihitaji kuguswa tena kwa sababu ya waya. Anayecheza na L ili gia ya katikati itulie anafungua mlango wa deraila kuingia kwenye spoku, na hapo ringi, deraila na fremu vinaweza kuharibika kwa pamoja.

Ikiwa baiskeli iliangukia upande wa cheni, simama nyuma yake uangalie. Vigurudumu viwili vya deraila vinatakiwa kuwa kwenye mstari mmoja na sproketi. Kama cha chini kimeinama kuelekea kwenye spoku, sikio la fremu linaloshika deraila limepinda. Fremu ya chuma hunyooshwa. Ya alumini kwa kawaida ina sikio la kubadilisha.

“Baiskeli isiyo na ajasta haiwekewi”

Inawekewa. Zipo ajasta za kukaa katikati ya ganda. Chagua sehemu iliyonyooka ambayo mkono unaifikia, toa waya, kata ganda kwa mkato ulionyooka, fungua mdomo wake kwa msumari mwembamba, kisha weka kikofia kila upande isipokuwa kama ajasta imetengenezwa kupokea ganda tupu. Izungushe kulia hadi mwisho, irudishe mizunguko miwili, rudisha waya, uvute kwa mkono, ndipo ufunge nati inayobana waya kwenye deraila. Ile mizunguko miwili ni nafasi yako ya kulegeza baadaye. Na ajasta, ya aina yoyote, ikishatoka nje hadi nyuzi zake karibu zote zinaonekana, irudishe ndani na uukaze waya upya kwenye nati, kwa kuwa ikishikiliwa na nyuzi mbili tatu inakatika kwenye shimo la kwanza la barabara.